Hesabuni Walio Mbele: Kwa Vijana Wanaoanza Mashindano ya Baiskeli

Jumapili iliyopita kijana wetu mmoja alivuka mstari huku ameinua mikono yote miwili, naye alikuwa wa pili. Ni mara ya tatu msimu huu, na kwa kuwa kupaza sauti kutoka dirishani mwa gari hakujasaidia, mimi kocha wenu nimeona heri niandike. Nitamtumia Annemiek van Vleuten, Mholanzi aliyestaafu mwaka 2023, kwa sababu makosa mengi mnayoyafanya yalimfika yeye pia, na bado akawa bingwa.

1. Hesabuni waliochomoka, yaani walioliacha kundi na kutangulia mbele. Tarehe 25 Julai 2021, katika mbio za barabarani za Olimpiki ya Tokyo, Van Vleuten alimaliza akishangilia dhahabu, kumbe Anna Kiesenhofer wa Austria alikuwa amekwisha kufika dakika 1 na sekunde 15 kabla yake. Kiesenhofer alichomoka tangu mwanzo kabisa, kisha akawaacha aliochomoka nao zikiwa zimebaki kilomita 40 hivi. Wawili wa mwisho kati ya hao waliponaswa karibu na mwisho, Waholanzi waliamini kwamba mbele hakuna mtu. Katika Olimpiki waendeshaji hawavai redio masikioni za kupokea taarifa kutoka garini, na timu ile ilikuwa na Marianne Vos na Anna van der Breggen, wote wawili wakiwa wamewahi kutwaa dhahabu hiyohiyo. Kama wao walipotewa na hesabu, ninyi mnajiamini kwa lipi?

Simlaumu Van Vleuten, kwa kuwa mimi nilifanya kosa baya zaidi nikiwa nimeketi garini na karatasi mkononi. Miaka mingi iliyopita, katika mbio za kilomita 120, watu wanne walichomoka mapema, nami nikaandika nambari zao. Kabla ya nusu ya njia mtu wa tano aliwafuata, wakati nimeshuka kumbadilishia mwenzetu gurudumu lenye pancha. Zilipobaki kilomita 6, kijana wangu alikuwa amewapita wote wanne. Alirudi nyuma hadi dirishani, akashika mlango, uso umejaa chumvi ya jasho, akaniuliza, "Kocha, kuna mtu mbele?" Nikamjibu bila kusita, "Hakuna, wewe ndiye wa kwanza, tunza miguu." Akaitunza. Akamaliza akiwa na nguvu tele, akafunga zipu ya jezi yake ili jina la timu lionekane vizuri, akainua mikono. Pembeni mwa mstari alikuwa ameketi yule wa tano, amekwisha kuvua kofia, akijimiminia maji kichwani. Walipishana sekunde 22. Kijana yule hakunitupia neno hata moja njia nzima ya kurudi nyumbani, na ule ukimya naukumbuka kila ninaposhika kalamu asubuhi ya mashindano.

2. Breki hushikwa kabla ya kona, si ndani yake. Mwaka 2016 kule Rio, Van Vleuten alikuwa akiongoza Olimpiki peke yake alipoanguka vibaya kwenye mteremko wa Vista Chinesa, akavunjika mifupa mitatu ya mgongo. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia wa mbio dhidi ya saa, ambazo kila mmoja huendesha peke yake akipimwa muda, lakini msitegemee kupona kama yeye.

3. Kuleni kabla njaa haijabisha hodi, na upepo wa tairi upimwe usiku.

4. Msiniambie mmechelewa. Yeye aliingia baiskeli akiwa mtu mzima, baada ya goti kumtoa kwenye soka. Mwaka 2022, katika mbio za barabarani za ubingwa wa dunia kule Wollongong, Australia, akiwa na miaka 39 na kiwiko kilichovunjika siku chache kabla, hakuweza kusimama vizuri juu ya pedali, kwa hiyo alisubiri hadi kilomita ya mwisho, akawapita wote kwa mpigo mmoja akiwa ameketi.

5. Siku tatu baada ya aibu ya Tokyo alishinda dhahabu ya mbio dhidi ya saa, ambako kila mtu huhesabu sekunde zake mwenyewe.

Jumapili ijayo kila mmoja aje na kipande cha plasta kwenye usukani, pamoja na kalamu. Kwenye kilomita ya 30 nitapita ubavuni mwa kila mtu na kuuliza nambari za waliochomoka, na asiyezijua atakata upepo mbele ya kundi mpaka chini ya mlima.