Mama asema nimemlilia rafiki wa simu kuliko nilivyomlilia babu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 17, niko kidato cha tatu, nakaa Kisauni, Mombasa, na mama na wadogo zangu. Ni shabiki wa BTS, lile kundi la waimbaji saba wa Korea Kusini, tangu darasa la sita. Mwanzoni mwa 2023, Jin, mmoja wao, akiwa ndiyo kwanza ameingia jeshini, nilijuana na msichana wa Surabaya, Indonesia, kwenye kundi la mashabiki. Ikawa hakuna siku inayopita bila kuandikiana. Ramadhani tulifunga pamoja, yeye kule mimi huku, tukitumiana picha za futari. Tuliahidiana kwamba yeyote atakayenunua albamu akapata ndani yake kadi ya picha ya kipenzi cha mwenziwe, atamwekea. Nilinunua albamu kwa pesa za Idi, nikapata kadi ya Suga, kipenzi chake. Ninayo mpaka leo.*

*Mwaka jana aliingia chuo kikuu. Akawa anajibu baada ya siku, kisha baada ya wiki. Mwezi uliopita aliandika kundini kwamba masomo yamemzidi na mambo ya BTS kwake si kama zamani, akaaga watu wote, akatoka. Mimi hakuniandikia peke yangu. Wenzetu wakaanza kumsema kuwa alikuwa shabiki wa msimu, nami kwa uchungu nikaandika kwamba tangu mwanzo hakuwa shabiki wa kweli.*

*Nimelia mno, Shangazi. Nilikuwa naingia bafuni nafungua mfereji nisisikike. Mama akanifuma, akasema: "Babu yako alipokufa hukulia hivi. Unamlilia mtu ambaye hata mkono hujampa." Babu, mzaa mama, ametutoka na mwaka haujaisha. Neno lile limenikaa moyoni. Je, mimi sina utu? Na je, niachane na BTS kabisa?*

*Mpenzi wa Saba, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Na makiwa. Nakupa makiwa kwa rafiki yako, kwa sababu katika barua yako yote sijaona aliyekupa.

Nianze na babu, maana ndipo panapokuuma zaidi. Sikuwapo kwenu siku ile, lakini matanga ya huku kwetu nayajua. Majamvi yalitandikwa. Wanawake waliingia na mabuibui yao wakakaa nawe kitako, mmoja akakuegemeza begani, mwingine akakuletea chai ya tangawizi akasimama hapo mpaka ukainywa. Wanaume walimbeba mzee wakaenda kumzika. Kila aliyepita mlangoni alisema makiwa, nanyi mkajibu. Ikasomwa hitima, watu wakala, wakasimulia mambo ya mzee, hata wengine wakacheka katikati ya machozi. Msiba ule uliubeba na mtaa mzima. Ukilia kidogo pale, si kwamba ulimpenda kidogo.

Sasa huyu rafiki alipotoka, nani alibisha hodi? Nani alikwambia kaa, usiende shule leo? Hukuwa na jamvi, hukuwa na chai, hukuwa na hata ruhusa ya kulia kwa sauti. Ulikuwa na mfereji wa bafuni. Machozi yasiyopata mahali pa kukaa hutoka mengi na hutoka ovyo, na huenda hata baadhi ya yale uliyoyatoa bafuni yalikuwa ya babu. Kwa hiyo la utu liondoe kichwani. Mtu asiye na utu hashindi usiku kucha akijiuliza kama anao.

Na mama naye mwangalie vizuri. Aliyekufa ni baba yake. Anapika, anafua, anawapeleka wadogo zako shule, na mwaka wenyewe haujatimia. Akakukuta unalia kilio ambacho yeye hajapata nafasi ya kukilia. Neno alilosema lilikuwa kali na hukustahili kuambiwa hivyo, nalisema wazi. Lakini naona alikuwa akimsema baba yake zaidi kuliko alivyokuwa akikusema wewe.

Kuhusu urafiki wenyewe, sikubali mtu akwambie ulikuwa wa bure. Nimejaribu kuupigia hesabu. Korea wako mbele yetu kwa saa sita, Surabaya kwa saa nne. Jambo la kundi likitolewa saa sita usiku kule Seoul, kwenu Kisauni ni saa kumi na mbili jioni, magharibi inakaribia, na yeye kwao ni saa nne ya usiku, amekaa macho akusubiri mlisikilize pamoja. Ramadhani jua la kwao linatua karibu saa tano kabla ya la kwetu. Anakutumia picha ya futari yake wewe hata alasiri hujaswali, uko darasani na njaa yako. Kisha usiku wa kwao umeshakuwa mkubwa, anangoja picha ya kaimati na mbaazi zako ndipo alale. Mtu anayekatiza usingizi wake kwa ajili ya futari yako ni rafiki, awe Surabaya au awe Bombolulu.

Tena tazama ni wakati gani mliokutana. Jin aliingia jeshini Desemba 2022 akatoka Juni 2024. Wakafuatana mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ni sheria ya nchi yao kwa vijana wa kiume, mpaka Suga akamaliza wa mwisho Juni 2025. Miaka miwili na nusu, wale saba hawakuwa pamoja jukwaani. Kila mmoja alitoa kazi yake kivyake, lakini kundi zima mlilisubiri. Na watu wanaosubiri pamoja huzungumza. Naamini ukizirudia zile jumbe leo utakuta habari za BTS ni chache. Nyingi ni mitihani, ni mama kakasirika, ni tumbo linauma, ni nani kamwambia nani nini. BTS waliwakutanisha. Waliobaki wakikaa pamoja miaka hiyo yote ni nyinyi wawili.

Ndiyo maana kuondoka kwake kundini hakufuti chochote. Amekua, ameingia chuo, huenda ameanza kukaa na watu wapya wasioujua wimbo hata mmoja. Wewe una miaka 17, na miaka miwili ijayo huenda nawe ukawa hivyo, au usiwe. Kuna wanaopenda kundi moja maisha yao yote na kuna wanaolipenda kwa umri fulani tu, na wote walipenda kweli. Alipokosea ni kukuaga wewe kama alivyowaaga watu wa kundi zima. Ulistahili ujumbe wako peke yako. Hilo una haki ya kuumia nalo, na una haki ya kumwambia.

Lakini wewe nawe, mwanangu, pale ulipoandika kwamba tangu mwanzo hakuwa shabiki wa kweli, ulifanya vibaya. Nakukemea kama ningemkemea binti niliyemzaa. Wengine walimsema hawamjui. Wewe ulikuwa unamjua. Ulijua alivyokesha, ulijua anavyompenda huyo Suga, ukamfedhehesha mbele ya watu kwa sababu umeumia. Na neno lako lilikuwa na uzito kuliko yote, kwa kuwa wote kundini walijua mlivyokuwa. Mashabiki hawa wa BTS wamewahi kufanya makubwa: Juni 2020, kundi na kampuni yao walipotoa dola milioni 1 kwa ajili ya haki za watu weusi Marekani, mashabiki walichangishana wakafikisha milioni nyingine, na ilichukua kama siku moja tu. Watu wenye uwezo wa kuungana vile hawashindwi kumwacha msichana mmoja aende zake kwa amani.

Uliuliza kama uwaache BTS. Sioni sababu. Nyimbo zinakupa nguvu, hazikuzuii kusoma, hukuniambia umeiba pesa ya mtu wala umeacha swala. Nitakalokuomba ni kujua unachokipenda na unachouziwa. Wale saba ni vijana wanaofanya kazi, na hawakujui. Hakuna aibu hapo, mwimbaji hawezi kumjua kila anayemsikiliza. Ile kampuni yao nayo ni biashara. Kadi ya picha ndani ya albamu huwekwa bila wewe kujua utapata ya nani, na mpango huo ndio unaomfanya mtu anunue ya pili na ya tatu akimtafuta wake. Albamu moja kwa pesa yako ya Idi, sawa. Ya pili, hapana, kadi zipo za kubadilishana. Na katika hayo makundi, atakayekuomba pesa, picha za mwili wako, au siri ambayo mama asiijue, toka na umwambie mama siku hiyo hiyo. Ukiona vigumu kumwambia, piga 116, ni laini ya watoto na ni bure. Huyu wa Surabaya kwa maelezo yako hakuwahi kukuomba lolote katika hayo, na hilo nalo ni ushahidi wake.

Kwa mama usiende na neno "hunielewi". Ngoja jioni, wadogo wakiwa wamelala, umwombe akusimulie babu. Muulize alikuwa akisikiliza nini. Katika nyumba nyingi za Mombasa, wazee wa umri wake walikuwa na kanda za Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, ambazo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa, na mama zetu walizijua beti zote kwa moyo. Mama yako anajua vizuri mtu kupenda sauti ya mwimbaji ambaye hajampa mkono. Mkilia wote wawili, lieni. Kisha siku nyingine, si ile ile, mfungulie simu umwonyeshe picha za zile futari. Mwache aone sahani ya yule mtoto na meza ya kwao. Nadhani atakuuliza jina lake.

Kwa rafiki yako andika barua moja. Moja tu, halafu uache. Usimuulize kwa nini, usimwambie arudi kundini, usimtajie siku ulizolia. Mwambie hivi kwa maneno yako: kwamba uliumia alipokuaga pamoja na wengine, kwamba uliandika neno baya juu yake na unamwomba radhi, kwamba si lazima apende BTS ili awe rafiki yako, na kwamba kadi ya Suga unayo, je, bado anaitaka? Akisema anaitaka, iweke katikati ya kadibodi mbili, uitie ndani ya bahasha, uende posta ukamtumie kwa rejista ili upate risiti. Akisema hataki, ni yako, ibadilishe au ikae. Asipojibu kabisa, mpe mpaka Ramadhani ijayo. Siku ya kwanza ya mfungo ndiyo siku ambayo atakukumbuka hata kama hakupanga, na salamu ya mfungo si barua ya pili, unaweza kumtumia. Baada ya hapo mwachie yeye.

Ila kabla ya barua kuna la kundini. Atakapofungua ujumbe wako, huenda ameshaletewa na mtu picha ya maneno yako, na radhi yako itasomeka vibaya ikiwa maneno yenyewe bado yapo. Ingia leo. Kama bado yanafutika, yafute, na hata yakifutika usinyamaze, kwa kuwa walioyasoma wameshayasoma. Andika pale pale kwamba ulikosea, kwamba alikuwa shabiki wa kweli na ni rafiki yako, na kwamba hutaki asemwe tena mbele yako. Watakaokucheka wacheke. Halafu ndipo uketi umwandikie.