Moto wa njano kwenye kichomeo kimoja: sindano haitasaidia

Swali: Jiko langu la mtungi lina vichomeo viwili. Kikubwa kimeanza kutoa moto wa njano, na sufuria zinajaa masizi. Kidogo kinawaka vizuri, ila nikikipunguza sana kinatoa mlio wa "pu!" na kuzimika. Fundi ameniambia nizibue nozeli kwa sindano. Isitoshe, gesi ikikaribia kuisha huwa naulaza mtungi ili iishe yote. Nafanya sawa?

Jibu: Sindano iweke kando kabisa. Nozeli ni kipande cha shaba chenye tundu lisilofika hata milimita 1, na tundu hilo limepimwa kulingana na jiko. Shaba ni laini, chuma cha sindano ni kigumu. Tundu la milimita 0.7 likipanuka hadi 0.8, gesi inayopita huongezeka kwa karibu asilimia 30. Wewe tayari una gesi iliyozidi hewa, kwa hiyo utakuwa umeongeza tatizo lile lile.

Moto wa njano ni dalili ya hewa kupungua. Gesi ikichomoka kwenye nozeli kwa kasi huvuta hewa kupitia uwazi ulio kwenye mdomo wa mrija wa kichomeo, vikachanganyika humo kabla ya kufika juu. Gesi ya mtungi ni propani na butani: propani inahitaji hewa kama mara 24 ya ujazo wake ili iungue yote, na butani kama mara 31. Hewa isipotosha, chembe za kaboni hubaki bila kuungua. Ndizo zinazong'aa njano na kuganda kwenye sufuria. Masizi yanaudhi, lakini la kuogopwa zaidi ni kaboni monoksidi inayoweza kutoka pamoja nayo, kwa kuwa haina rangi wala harufu. Hadi utakapolirekebisha jiko, fungua madirisha kila unapopika. (Cheche za rangi ya chungwa zinazopita mara moja moja ni vumbi au chumvi iliyoangukia motoni. Hizo zisikusumbue.)

Kwa kuwa kichomeo cha pili kinawaka buluu, mtungi na regyuleta (kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza shinikizo la gesi) havina kosa. Vingewaka njano vyote viwili tangu siku ya kwanza, ningeuliza kama jiko limefungwa nozeli za gesi ya bomba, ambazo matundu yake ni makubwa kuliko ya gesi ya mtungi. Kwako, kosa liko ndani ya kichomeo hicho kikubwa.

Funga vali ya mtungi, acha jiko lipoe, kisha toa kofia na kichwa cha kichomeo. Viloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa, uvisugue kwa mswaki wa zamani. Matundu ya kichwa, tofauti na la nozeli, unaweza kuyazibua kwa waya laini. Halafu mulika ndani ya mrija kwa tochi, hatua ambayo wengi huiruka. Buibui hupenda kujenga humo, na utando mdogo tu unatosha kuzuia hewa. Usafishe kwa brashi nyembamba. Nozeli ikiwa na uchafu, ifungue kwa spana inayoienea, iloweke kwenye maji ya sabuni, kisha ipulize kwa hewa.

Kausha kila kitu kabisa, maana maji yakibaki kwenye matundu moto utarukaruka. Unaporudisha kichwa, hakikisha mrija umeikabili nozeli sawasawa na kofia imekaa bila kuinama. Kofia iliyopinda kidogo tu hufanya upande mmoja uwake njano, na watu huishia kununua kichomeo kipya bure.

Ikiwa bado kuna njano, tafuta kibati au ringi inayofunika uwazi wa hewa kwenye mdomo wa mrija, kama jiko lako linayo. Ifungue kidogo kidogo hadi ncha za njano zipotee. Moto ukianza kuvuma na kunyanyuka juu ya matundu, umezidisha hewa. Rudisha nyuma kidogo.

Kichomeo kidogo kina shida iliyo kinyume. Ule mlio ni wa moto kurudi ndani. Ukipunguza sana, mchanganyiko wa gesi na hewa hutoka polepole kuliko kasi ya moto wenyewe, basi moto hupenya kwenye matundu na kuingia ndani. Kagua kwanza kama kofia imekaa sawa, kisha punguza hewa kidogo. Ikiendelea, fundi arekebishe skrubu inayopanga kiwango cha chini cha moto. Usilipuuze jambo hili: jiko lisilo na kifaa cha kukata gesi moto unapozimika litaendelea kumwaga gesi jikoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni. Ukiinusa, funga vali, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Baadaye paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Penye mapovu yanayokua ndipo panapovuja. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Kuhusu kulaza mtungi: acha leo. Ndani yake gesi iko katika hali ya maji, na mtungi ukisimama, juu hubaki mvuke, ambao ndio regyuleta ilitengenezewa kupitisha. Ukiulaza, kimiminika kinaweza kuingia kwenye regyuleta na mpira, na kila lita yake hugeuka kuwa gesi ya lita kama 250. Moto unaweza kuruka juu ghafla usiweze kuudhibiti. Moto ukififia mwishoni huku mtungi ukiwa baridi sana au una umande, funga jiko na uuache mtungi usimame upate joto la chumba. Usiumwagie maji yanayochemka wala usiusogeze karibu na moto. Kiasi kitakachobaki baada ya hapo ni kidogo mno.