Kadi 2,300 zimelala: nibadilishe programu?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa pili wa udaktari, Dar es Salaam. Natumia Anki, ile programu ya kadi za maswali inayorudisha kila kadi siku yake ikifika, kwa kadi za Kimarekani nilizorithi kwa kaka mmoja wa mwaka wa tano, zaidi ya 30,000. Zilizochelewa zimefika 2,300 na kila siku zinaongezeka. Madesa ya famakolojia nimeyasoma mara nne na kuyapiga rangi, lakini jaribio nimepata 41. Kuna programu bora zaidi? Pia kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza vidonge vya kumbukumbu. Vinafaa?

JIBU: Marahaba. Programu usibadilishe. Hiyohiyo inatosha, na kwenye simu za Android ni bure. Jihadhari tu na zile zilizoiga jina lake zikadai malipo kila mwezi.

Kabla ya hilo rundo, nianze na "mara nne", maana kila muhula swali hili huja na sentensi hiyohiyo. Ukurasa uliousoma mara nne macho huuzoea. Unaona neno propranolol, dawa ya presha, unajisemea "hii naijua", unafunua. Umetambua sura tu, hujakumbuka kitu. Kwenye mtihani wa mdomo ukurasa haupo: unaulizwa kwa nini mgonjwa wa pumu asipewe dawa hiyo, na rangi ya njano haikusaidii. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, Marekani, waliwapima wanafunzi wa chuo. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81 ya matini, na waliojipima bila kuyatazama asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Zile dakika 5 ndizo zinazowaponza watu. Usiku ule unajiona umeiva, unalala kwa raha, na wiki ya mtihani unashangaa.

Kwa hiyo desa lisome mara moja kwa makini, lifunge, chukua karatasi tupu. Kwa dakika 10 andika yote unayoyakumbuka, na michoro yake. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Yaliyoandikwa kwa wekundu ndiyo yawe kadi, na hayo tu. Mhadhara wa saa moja utatoa kadi 8 hadi 15. Ukifikisha 40, ujue unanakili desa kwa njia nyingine.

Kadi iulize jambo moja. "Eleza artesunate", ile sindano ya malaria kali, si kadi, ni insha. Andika: mtoto wa kilo 14 ana malaria kali, dozi moja ni miligramu ngapi? Jibu 42, kwa sababu chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, na kuanzia kilo 20 ni 2.4. Kadi ya pili: hupewa saa ngapi? Anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha kila siku hadi aweze kumeza dawa ya mseto. Ya tatu: kwa nini mtoto mdogo apewe zaidi kwa kila kilo? Kwa sababu kwa kipimo kilekile cha kilo, dawa inayopatikana katika damu yake ni pungufu kuliko ya mtu mzima. Kadi inayokula zaidi ya sekunde 20 ivunje.

Sasa deni. Kadi mpya weka sifuri. Simamisha zote za mada ambazo hamjafundishwa, usizifute. Zilizobaki pitia 150 kwa siku, yaani kama dakika 25. Hata kama zote 2,300 zingebaki, na 60 kati ya hizo 150 zikawa za siku hiyo, deni linapungua kwa 90 na kuisha kwa siku 26 hivi. Zile unazosahau zitakurudisha nyuma kidogo. Ukimaliza, fungua kadi 10 mpya kwa siku. Kila kadi mpya ya kila siku huzaa marudio 7 hadi 10 kwa siku, hivyo zile 20 ambazo programu hukupangia yenyewe ni marudio 140 hadi 200. Hapo ndipo ulipozama.

Na vitufe: ukisahau, bonyeza cha kwanza. Wengi huona aibu, wanabonyeza cha pili, kile cha "ngumu". Kitufe hicho maana yake umekumbuka kwa shida, kwa hiyo programu inakubali kwamba unajua na inakusogezea kadi mbele. Unamdanganya karani wako mwenyewe.

Kadi za Kimarekani zilitengenezwa kwa mtihani wa leseni wa Marekani. Salbutamol humo huitwa albuterol, paracetamol huitwa acetaminophen. Sukari ni miligramu kwa desilita. Kupata milimoli kwa lita gawanya kwa 18, hivyo 180 yao ni 10 yetu. Kreatinini yao, kile kipimo cha figo, zidisha kwa 88.4 upate mikromoli kwa lita. Mtu aliyekariri namba hizo bila vipimo vyake ni hatari wodini, na malaria humo ni ugonjwa wa msafiri. Kitu pekee ambacho kaka yako hakuweza kukurithisha ni ile kazi ya kutunga kadi, nayo ndiyo iliyomfundisha.

Hapo ndipo wauza njia za mkato wanapopata wateja: muhtasari wa kurasa 20, "maswali yatakayotoka", vinywaji vya kukeshea. Kafeini hubaki nusu mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo kopo la saa 5 usiku nusu yake ingalimo saa 10 alfajiri, wakati ubongo ulipaswa kuwa usingizini ukipanga ulichosoma. Kuhusu vidonge, muulize muuzaji mambo mawili: kiambato ni nini, na namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ni ipi. Atakwambia hakuna madhara, ni mimea tu. Digoksini na atropini, dawa zinazoweza kuua zikizidi, nazo zilitoka kwenye mimea, na zote mbili zimo kwenye hayo madesa uliyoyasoma mara nne.