Mkono Uliopooza Uandikiwe Lengo Gani?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mama yake alipatwa na kiharusi miezi minne iliyopita, mkono wa kushoto bado haujarudi, na kila anapoulizwa lengo lake ni nini hujibu kwa neno moja tu: "Nipone." Nilisoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe, na lilinipotezea karibu mwaka mzima.

Kiharusi changu kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili, mkono wa kulia ndio uliolegea. Mimi ni mwalimu. Mkono huo ulishika chaki kwa miaka 19. Siku za wodini naziruka, maana zilifanana. Ninachokumbuka, na bado kinaniuma, ni karatasi iliyokuwa kwenye jalada langu, ambamo mtaalamu ambaye hakuwahi kuniuliza kazi yangu aliandika kwamba lengo ni "kuongeza nguvu ya mkono wa kulia." Kuongeza hadi wapi, na ili nifanye nini, hakuandika. Nami kwa hasira nikajiwekea lengo langu: baada ya miezi 3 nitakuwa nimesimama mbele ya ubao nikiandika kama zamani.

Muda huo sikuuchagua ovyo. Nilikuwa nimeambiwa, na ni kweli, kwamba sehemu kubwa ya nafuu ya mkono huonekana katika miezi michache ya mwanzo, lakini mimi nililipokea jambo hilo kana kwamba baada ya hapo mlango hufungwa. Siku ya 90 ilipofika niliweza kusukuma kitambaa juu ya meza na kukunja vidole nisiweze kuvikunjua. Nikaacha mazoezi kwa wiki saba. Watu wa nyumbani wakanivalisha, wakanikatia chakula, wakanifungulia kila kilichofungwa, na kazi chache zilizobaki zikachukuliwa na mkono wa kushoto, huku vidole vya kulia vikizidi kukakamaa na bega likianza kuuma.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mkono usipotumiwa, ubongo nao huzoea kuishi bila huo, hata pale ambapo uwezo kidogo ungalipo. Ipo tiba iliyojengwa juu ya ukweli huo, kutokana na kazi ya mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani: mkono usiougua huvishwa glavu kwa sehemu kubwa ya saa ambazo mgonjwa yuko macho, mara nyingi kwa wiki 2, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi pamoja na mazoezi mengi ya kila siku. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006 liliwachukua watu waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi, na waliopewa tiba hiyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kumbe mlango nilioufunga haukuwa umefungwa na mtu. Hata hivyo glavu hiyo haikunifaa, kwa sababu huhitaji kifundo cha mkono na vidole vinavyoweza kujikunjua walau kidogo, na vyangu havikuweza.

Aliyenitoa hapo ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, ambaye siku ya kwanza hakuugusa mkono. Aliniuliza, "Mwalimu, jana tangu ulipoamka, ni jambo gani ulitaka kulifanya kwa mikono miwili ukashindwa?" Nikajibu kwamba ni kuandika ubaoni. Akasema kwa upole, "Jana hukwenda darasani." Nikanyamaza kwa muda, kisha nikamtajia tyubu ya dawa ya meno, ambayo mwanangu mdogo alinifungulia kila asubuhi huku nikitazama pembeni kwa aibu.

Lengo likaandikwa: baada ya wiki 4, nikiwa nimeketi na mgongo umeegemea kiti, nishike tyubu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukifungua kifuniko, asubuhi 3 kati ya 5, bila msaada. Lile la kuegemea kiti nililiona dogo, kumbe ndilo la maana, kwani bila hilo mwili mzima huinama na kupinda ili kuufanyia mkono kazi yake. Akaligawa lengo kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1968 na watafiti Kiresuk na Sherman, ambacho hapo mwanzo kilikusudiwa huduma za afya ya akili: sifuri ni kufikia kilichotarajiwa, 1 na 2 ni kuzidi, hasi 1 na hasi 2 ni kupungukiwa. Baada ya wiki 4 nilifungua tyubu asubuhi 2, yaani hasi 1. Kwa hesabu yangu ya zamani huko kungekuwa kushindwa kabisa. Kwa hesabu hii nilijua nimebakiza asubuhi moja.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniandikia, usimuulize mama anataka nini maishani. Muulize jana alikwama wapi. Mkiandika, andikeni kitendo, namna ya kukaa, idadi na tarehe, kisha mtaalamu wake aone kama mkono wenyewe unaruhusu. Nanyi mnaouguza, acheni kumfanyia mgonjwa kila kitu na kuuita huo upendo. Nilipendwa hivyo hadi vidole vikakakamaa. Mkimwinua msimvute kwa mkono dhaifu, maana bega lililolegea huumia upesi, na maumivu ya bega huharibu lengo lolote lililoandikwa vizuri.

Mwezi huu nimerudi mbele ya ubao, na sioni haya kujisifu. Lengo la sasa ni mstari mmoja kwa kimo cha kifua, unaosomeka kutoka dawati la mwisho, bila bega kupanda hadi sikioni. Juzi nilifika neno la tatu.