Turubai la kenta: shida iko kwenye bodi

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Nina kenta ya bodi ya futi 14 kwa 6, nabeba magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Dodoma mjini. Mvua ikianza, mimi na utingo tunahangaika nusu saa kufunga turubai, na maji yanatuama juu hadi magunia yanalowa. Sasa limeng'oka pete za matundu ya kufungia. Ninunue zito zaidi?

JIBU: Usinunue kwanza. Zito nalo litatuamisha maji, maana chini yake hakuna kinacholiinua. Hela hiyo mpelekee fundi wa kuchomelea.

Akupindie matao 5 ya bomba la maji la nchi 1. Kila tao linakula mita 3: miguu sentimita 55 kila upande, na sehemu ya juu ipinde mpaka kilele kiwe sentimita 20 juu ya mabega, yaani pale miguu inapoishia na bomba kuanza kupinda. Bomba la mita 6 linatoa matao 2, hivyo nunua mabomba 3. Matao yaachane sentimita 107, yasimame kwenye soketi 10 zilizochomelewa ndani ya bodi, za bomba la nchi 1 na robo, kila moja sentimita 20.

Hapa wengi wanapotea. Bomba la maji la nchi 1 lina milimita 33.7 kwa nje, na la nchi 1 na robo lina kama 36 kwa ndani, ndiyo maana mguu unaingia na kutoka kwa mkono. Bomba la samani hupimwa kwa nje: nchi 1 yake ni milimita 25 tu, litacheza na kugonga safari nzima. Ingiza kipande ndani ya kingine pale pale dukani kabla hujalipa.

Soketi ziachwe wazi chini. Pitisha bolti ya milimita 10, sentimita 5 kutoka chini, mguu ukae juu yake; maji, udongo na punje zitapita. Ukiziba, zinajaa tope na kutu inaanzia humo.

Ndoano za nondo laini ya milimita 10, mdomo ukitazama chini: 9 kila ubavu, 4 nyuma. Badala ya kamba, kata tyubu ya pikipiki ziwe pete za upana wa sentimita 3, uzifunge kwenye matundu ya turubai. Kamba iliyokazwa haivutiki, kwa hiyo upepo ukipiga kinachong'oka ni pete ya turubai. Mbele, lifunge moja kwa moja kwenye tao la kwanza na ulikunje hapo. Mvua ikija mnalikunjua kurudi nyuma, mnavuta tyubu, basi.

Kabla ya kuchomelea, chomoa waya hasi wa betri. Bomba lenye zinki lisagwe kwanza kwa grenda, moshi wake unaleta homa.

SWALI: Turubai langu la pamba nalikunja Mei, Desemba nalikuta limeoza kwenye mikunjo. Kwa nini?

JIBU: Lilikunjwa na unyevu. Lianike pande zote mbili hadi mishono ikauke, maana mishono ndiyo hukauka mwisho. Udongo utoe kwa brashi na maji matupu. Sabuni ya unga huondoa dawa ya kuzuia maji. Kisha usilikunje, lizungushe kwenye bomba (kile kipande cha mita 3 kinachobaki kwenye hesabu ya hapo juu kinafaa sana) na ulining'inize mbali na sakafu na panya.