Shemeji zangu wanatishia kuniua: je, kwenda polisi ni kukosa imani?

"Shangazi, mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, akaniachia watoto watatu na shamba la parachichi tulilolinunua na kulipanda pamoja hapa Rungwe. Ndugu zake wawili wanataka niondoke. Niliwaachia ekari moja na ng'ombe mmoja ili nipate amani, lakini vitisho vikazidi: usiku mawe hurushwa juu ya bati, na sasa wananitumia ujumbe kwamba nitatoka hapa ndani ya jeneza. Nafunga na kuomba, lakini giza likiingia natetemeka hadi alfajiri. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema hofu hiyo ni dalili ya kukosa imani, na kwamba nikienda polisi nitakuwa nimemtegemea mwanadamu. Kaka yangu yuko Tukuyu, lakini sijamwambia. Je, nimempoteza Mungu?" Mama P., Rungwe.

Mama P., pole sana kwa msiba na kwa haya yaliyoufuata. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokuumiza kuliko hayo mawe: hujampoteza Mungu. Aliyeimba katika Zaburi ya 56 kwamba siku ya hofu yake atamtumaini Mungu alikuwa mtu anayeijua hofu, na wala hakungoja imtoke ndipo aombe. Bwana Yesu mwenyewe, usiku ule wa Gethsemane, alihuzunika kiasi cha kufa, akaomba neno lile lile mara tatu, akawasihi rafiki zake wakeshe pamoja naye. Anayekuambia kwamba kutetemeka kwako ni upungufu wa imani atueleze basi usiku ule ulikuwa upungufu wa nini.

Naomba usome tena habari za mfalme Hezekia, katika sura ya 18 na ya 19 za Kitabu cha Pili cha Wafalme, kwa maana yaliyompata yanafanana mno na yako. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliishambulia Yuda na kuitwaa miji yake yenye maboma. Hezekia, kama wewe, alijaribu kwanza kununua amani: alitoa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu, hata akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Senakeribu akapokea, kisha akatuma jeshi vilevile. Mjumbe wake akasimama karibu na ukuta wa Yerusalemu, akapaza sauti kwa Kiyahudi ili watu waliokaa ukutani wamsikie, na maofisa wa mfalme walipomsihi azungumze Kiaramu alizidisha makelele, kwa sababu alitaka hofu iingie mjini kabla askari hawajainua silaha. Watu hawakumjibu hata neno moja, maana mfalme aliwaagiza wasijibu. Nawe usijibu ujumbe wa shemeji zako, wala kwa kubembeleza, wala kwa matusi, wala kwa aya za Biblia.

Kisha ikaja barua yenye vitisho vilevile. Hezekia aliisoma, akapanda nayo hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana. Hapo ndipo ningependa ukae kwa muda. Hakujifanya kwamba barua haikuandikwa, wala hakuomba kwa maneno ya ushindi ambayo moyo wake haukuwa nayo. Alikiri katika maombi yake kwamba ni kweli, wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa, ndipo akaomba kuokolewa. Wewe nawe unaweza kuiweka simu yako juu ya meza, ukamsomea Mungu ujumbe ule neno kwa neno, ukamwambia kwamba unaogopa, kwamba unawahofia watoto, na hata kwamba umewachukia shemeji zako. Sala ya namna hiyo haimpunguzii Mungu heshima, na kwa maoni yangu ina imani nyingi kuliko kelele za mtu anayeogopa kukiri kwamba anaogopa. Tena Hezekia hakuomba peke yake, bali alituma watu kwa nabii Isaya amwombee. Ukipata watu wawili wa kukuombea bila kukuhukumu, wanatosha.

Mfalme huyohuyo aliyeikunjua barua ndiye aliyejenga ukuta uliobomoka na kuziba chemchemi zilizokuwa nje ya mji, na ndiye aliyeyaleta maji mjini kwa mfereji. Handaki linalohusishwa na kazi yake, lililochongwa katika mwamba kwa zaidi ya mita 500, lipo Yerusalemu hadi leo na watu hulipita. Hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu kwa kumwomba Mungu huku akichimba mwamba.

Nadhani kiongozi wako ameshika Yeremia 17:5, penye laana juu ya amtegemeaye mwanadamu. Lakini mstari huohuo unamtaja mtu ambaye moyo wake umemwacha Bwana, na wa kwako haujamwacha. Mwulize basi juu ya Paulo katika sura ya 23 ya Matendo ya Mitume. Bwana alisimama karibu naye usiku na kumwahidi kwamba atafika Rumi. Kulipopambazuka, watu zaidi ya 40 walijifunga kwa kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamuue, na mwana wa dada yake akasikia habari hizo. Paulo, mwenye ahadi kutoka kinywani mwa Bwana, alimtuma kijana yule kwa jemadari wa Kirumi, naye Paulo akasindikizwa usiku na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200.

Kwa hiyo nenda polisi, Mama P. Kutishia kuua ni kosa la jinai. Usifute ujumbe hata mmoja. Uonyeshe katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na usiondoke bila kupewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Mwenyekiti wa kijiji naye aarifiwe, ili mawe hayo yasibaki siri ya nyumba yako. Kuhusu shamba, usitoe hata hatua moja nyingine kwa sababu ya woga. Katiba inakupa haki ya kumiliki mali, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekataza mila zinazowanyima wanawake haki ya ardhi. Karatasi ya mauziano, majina ya mashahidi na cheti cha kifo vihifadhiwe kwa mtu unayemwamini, kisha umtafute msaidizi wa kisheria akuelekeze kuhusu mirathi na kuhusu ile ekari uliyoitoa.

Sitakuahidi kwamba malaika atapita usiku kama alivyopita katika kambi ya Waashuru na kuliangamiza jeshi lililomtisha Hezekia. Wako waliomtumaini Mungu na bado wakaumizwa, nasi hatuna haki ya kusema kwamba imani yao ilikuwa haba. Ndiyo maana, ukiona hatari imekaribia, ondoka na watoto kwa siku kadhaa bila kujihukumu. Yusufu alimchukua mtoto Yesu na mama yake usiku, wakakimbilia Misri, na kulala kwingine kwa muda hakukuondolei haki yako ya shamba.

Lakini kabla ya polisi, kabla ya mwenyekiti, mpigie kaka yako simu leo jua lingali juu, umsomee ujumbe huo wa jeneza kama ulivyo, na umwombe aje alale hapo kwako usiku huu.