Kufungua skrini nne za meinfremu kwa mpigo

Mkuu, unafungua madirisha manne ya meinfremu (ile kompyuta kubwa ya kazini) kwa mkono kila asubuhi? Kama unatumia IBM Personal Communications, programu ya kufungua skrini za meinfremu kwenye PC, hifadhi kila seshoni (dirisha moja lililounganishwa) kama faili la .WS, halafu yaunganishe yote kwenye faili moja la .BCH kupitia Multiple Sessions. Ukilibofya mara mbili, yanafunguka yote.

Kuhama dirisha moja hadi jingine kwa skripti nako si kazi. Kila seshoni ina herufi yake: A, B, C... Kwenye VBScript, lugha ya skripti ya Windows, unaita SetConnectionByName("B"), kisha autECLWinMetrics (kifaa cha kudhibiti dirisha) unaiwekea Active = True, dirisha B linakuja mbele. Ila usitumie Sleep, yaani kusubiri sekunde ulizopanga! Siku mtandao ukiwa mzito, skripti itaandika wakati kibodi bado imefungwa, unaona ile X pale chini. Tumia WaitForInputReady, inayosubiri hadi kibodi iwe tayari. Mimi Sleep ilinitesa wiki nzima.

Lakini kama skrini zote nne ni za TSO ileile (mfumo wa kuingia na kufanya kazi kwenye meinfremu), mbona unajisumbua? Ndani ya ISPF, menyu na paneli za TSO, andika START upate skrini mpya, ipe jina kwa SCRNAME, kisha SWAP LIST uchague. F9 inakurudisha ulikotoka. Logini moja tu.